Viza ya matibabu: Safari ya India huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa

Daktari anapomwambia mzazi kwamba mtoto wake anahitaji matibabu nje ya nchi, maswali mawili humjia palepale. La kwanza, mtoto atapona? La pili, fedha zitatoka wapi? Swali la tatu, la karatasi, huja baadaye kabisa, wakati ng'ombe wameshauzwa na ndugu wameshachanga. Hapo ndipo familia inagundua kwamba mtoto hana cheti cha kuzaliwa, au jina la baba kwenye kitambulisho cha Taifa limeandikwa tofauti na lile la kwenye cheti. Ugonjwa unaendelea, nayo karatasi imesimama.

Ndugu msomaji wa Mbulu na Hanang, safu yetu wiki hii inazungumzia jambo ambalo halionekani kama la afya lakini linaweza kuamua afya ya mgonjwa wako: namna ya kuomba viza ya matibabu. Tutaitumia zaidi India, kwa kuwa ndiko Watanzania wengi wanaotibiwa nje huelekea. Mambo mengi utakayosoma hapa yatakufaa hata ukielekea nchi nyingine.

Kwanza uliza: Ni lazima kwenda nje?

Kabla ya kufikiria ubalozi, rudi kwa daktari na umuulize bila aibu: "Matibabu haya yanapatikana hapa nchini?" Miaka ya nyuma jibu la magonjwa mengi ya moyo na figo lilikuwa India. Leo siyo hivyo.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015, inafanya upasuaji wa moyo kwa watoto waliozaliwa na matundu kwenye moyo na kwa watu wazima ambao vali zao zimeharibika. Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza. Mwaka 2017 huohuo Muhimbili ilianza kuwapandikizia vifaa vya kusikia watoto waliozaliwa viziwi. Benjamin Mkapa inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Kwa saratani kuna Ocean Road, KCMC na Bugando.

Hata karibu zaidi na nyumbani, Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, imekuwa ikiwapasua watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Mzazi wa Hanang asiyejua hilo anaweza kupanga safari ya maelfu ya kilomita kwa tatizo ambalo lingeshughulikiwa wilaya ya jirani.

Ngazi za rufaa zipo kwa sababu. Ukitoka hospitali ya wilaya unakwenda ya mkoa, kisha ya kanda kama KCMC, kisha Muhimbili na taasisi zake. Huko juu jopo la madaktari bingwa likiona kwamba tiba haipatikani nchini, ndilo huandika mapendekezo ya kupelekwa nje, na Wizara ya Afya huyapitia. Mgonjwa anayepitia njia hii hupata barua rasmi ya rufaa. Anayejilipia mwenyewe anaweza kuwasiliana moja kwa moja na hospitali ya nje, lakini hata yeye namshauri awe na maoni ya bingwa wa hapa nchini mkononi. Hospitali ya nje inayopata faida kwa kukupokea siyo ya kuachiwa iamue peke yake kama unahitaji kwenda.

Jina moja, tahajia moja

Sasa tuseme jibu ni kwamba lazima mwende. Unaishi Dongobesh, mtoto wako ana miaka minne. Karatasi ya kwanza unayohitaji ni cheti cha kuzaliwa.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, RITA ina mpango wa kusajili na kutoa cheti bila malipo kupitia vituo vya afya na ofisi za kata. Uliza zahanati uliyompelekea kliniki. Aliyevuka umri huo, au mtu mzima ambaye hakuwahi kusajiliwa, huombewa cheti kupitia msajili wa wilaya, katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Ataulizwa ushahidi wa kuzaliwa: tangazo la hospitali, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule, au kitambulisho cha mzazi.

Hapa ndipo watu wa kwetu hukwama kuliko watu wa mikoa mingine, na sababu ni lugha zetu. Majina ya Kiiraqw yana sauti ambazo herufi za Kiswahili hazina. Karani mmoja ataandika Hhando, mwingine Hando. Kliniki wanaandika Qwaray, shuleni wanaandika Kwaray. Akonaay anageuka Akonay. Tluway anapoteza herufi moja na kuwa Tuway. Kwa Wabarabaig, majina ya wanaume yanayoanza na Gida na ya wanawake yanayoanza na Uda huandikwa mara kwa kuunganishwa, mara kwa kutenganishwa, mara kwa kufupishwa.

Kijijini hakuna anayejali. Kila mtu anajua Hhando ni nani. Lakini ofisa wa viza hakujui wewe wala ukoo wako. Kwake, Hhando na Hando ni watu wawili, na mtoto ambaye baba yake kwenye cheti ni Hhando na msindikizaji wake kwenye pasipoti ni Hando, ni mtoto anayesafiri na mtu asiye mzazi wake.

Fanya kazi hii leo, hata kama nyumbani kwako hakuna mgonjwa. Tandika mezani kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyeti vya wazazi wote wawili, kitambulisho cha Taifa, kadi ya bima na cheti cha shule. Soma jina herufi kwa herufi. Linganisha na tarehe za kuzaliwa pia, maana wazee wengi wameandikiwa Januari mosi kwenye karatasi moja na mwezi mwingine kwenye nyingine. Ukiona tofauti, chagua tahajia moja, na kwa kawaida iwe ile ya cheti cha kuzaliwa, kisha uanze kuzirekebisha nyingine. Makosa ya kitambulisho hurekebishwa NIDA, ya cheti RITA. Pale ambapo tofauti ni ndogo na muda ni mfupi, wakili au hakimu anaweza kukuandalia kiapo kinachosema kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Kiapo husaidia, lakini hakishindi karatasi zinazosema jambo moja tangu mwanzo.

Kwa walioathirika na maporomoko ya tope la Mlima Hanang ya Desemba 3, 2023, nyumba nyingi za Katesh na vijiji vya jirani zilisombwa na kila kilichokuwamo. Kama vyeti vyenu vilikwenda na tope, kumbukumbu ya usajili haikwenda nayo. Omba nakala nyingine RITA kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na usisubiri mpaka mtu augue.

Pasipoti ni Babati

Karatasi ya pili ni pasipoti. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, kisha mwombaji hufika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, kwa Manyara ni Babati, akiwa na viambatisho vyake: cheti chake cha kuzaliwa, cheti au kiapo cha kuzaliwa cha mzazi, kitambulisho au namba ya NIDA, picha, na ushahidi wa safari. Kwa mgonjwa, barua ya daktari ndiyo ushahidi mkuu. Ada ya pasipoti ya kielektroniki ni Sh150,000, na sehemu yake, Sh20,000, hulipwa mwanzoni pamoja na fomu.

Mambo matatu wazazi huyasahau. Kwanza, kila mtoto, hata kichanga, anahitaji pasipoti yake mwenyewe. Pili, mtoto wa chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya maandishi ya wazazi au mlezi wa kisheria. Kama baba yuko machimboni Mirerani au ameondoka nyumbani muda mrefu, anza kumtafuta mapema. Kama amefariki, weka tayari cheti cha kifo. Tatu, mgonjwa hasafiri peke yake. Pasipoti ya msindikizaji nayo iombwe siku hiyohiyo, maana mara nyingi mgonjwa hupata yake na kubaki anamsubiri mtu wa kumsindikiza.

Kama mgonjwa hawezi kusafiri hadi Babati kirahisi, nenda kwanza wewe ndugu yake ukiwa na barua ya hospitali, ueleze hali, na uulize afike siku gani ili akamilishe yote kwa mara moja. Barabara ya kutoka Haydom si ya kumpitisha mgonjwa wa moyo mara tatu kwa sababu ya picha iliyokosewa.

Barua ya hospitali ndiyo ufunguo

Viza ya matibabu ya India haitolewi kwa sababu mtu anaumwa. Hutolewa kwa sababu kuna hospitali iliyokubali kumtibu. Kwa hiyo, kabla ya kuomba viza, lazima uwe na barua ya hospitali hiyo kwenye karatasi yake rasmi.

Ili wakupe barua, watataka taarifa za ugonjwa. Omba hospitali yako ikuandikie muhtasari kamili kwa Kiingereza: ugonjwa, vipimo, dawa zilizotumika na vipimo vyake, upasuaji uliofanyika. Picha za siti skani na za kipimo cha moyo cha eko ziombwe kwenye diski, siyo karatasi ya majibu peke yake. Kama ni saratani na kinyama kilichukuliwa, uliza kama unaweza kupewa vioo vya maabara au kipande kilichohifadhiwa. Hilo linaweza kukuepushia kuchomwa upya na kulipia upya huko mbele.

Barua ikifika, isome kabla ya kufurahi. Jina la mgonjwa liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na namba ya pasipoti iwepo. Ugonjwa utajwe, daktari na idara vitajwe, tarehe ya kuanza matibabu na muda unaokadiriwa vitajwe, na majina ya wasindikizaji yawepo. Omba pia makadirio ya gharama kwa maandishi, yakieleza ni nini kimo na ni nini hakimo. Siku za chumba cha wagonjwa mahututi, damu na dawa za kutumia nyumbani mara nyingi huwa nje ya bei ya kwanza.

Namna ya kuomba viza ya India

Mtanzania ana njia mbili. Ya kwanza ni viza ya kielektroniki ya matibabu, inayoombwa kwenye tovuti ya Serikali ya India. Ya pili ni viza ya kubandikwa kwenye pasipoti, inayoombwa kupitia Ubalozi wa India, Dar es Salaam. Kwa mtu anayeishi Bassotu au Endasak, njia ya kwanza inaokoa safari ya mamia ya kilomita. Ya pili inafaa zaidi pale ambapo matibabu yatachukua miezi mingi.

Kwa viza ya kielektroniki utahitaji pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita na kurasa mbili tupu, picha ya uso yenye mandhari nyeupe, nakala safi ya ukurasa wa pasipoti wenye taarifa zako, barua ya hospitali, na kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni. Picha iliyopigwa kwa ajili ya pasipoti yetu huenda ikakataliwa kwa sababu ya rangi ya nyuma, hivyo piga nyingine. Mtoto mdogo alazwe juu ya shuka jeupe, macho wazi, bila mkono wa mama kuonekana.

Maombi hutumwa siku zisizopungua nne kabla ya safari, lakini usisubiri siku ya nne. Wiki mbili au tatu kabla ni salama zaidi, maana wakihitaji karatasi ya ziada utakuwa na nafasi ya kuituma. Viza hii huhesabu siku 60 tangu siku mnayoingia India kwa mara ya kwanza, na inaruhusu kuingia mara tatu. Matibabu yakizidi muda huo, hospitali huandika barua na mnaomba nyongeza kwenye ofisi ya India ya usajili wa wageni kabla siku hazijaisha. Msikae hata siku moja bila kibali kwa kudhani ugonjwa ni kisingizio cha kutosha.

Jaza fomu ukiwa umeketi, pasipoti iko mbele yako, na umruhusu mtu wa pili akague. Kosa la tarakimu moja kwenye namba ya pasipoti linaweza kukuzuia uwanja wa ndege, na ada ya viza hairudishwi. Majibu yakija, yachapishe kwenye karatasi. Simu huzima chaji.

Nani amsindikize?

Kila mgonjwa mwenye viza ya kielektroniki ya matibabu anaweza kuwa na wasindikizaji wawili, nao huomba viza yao ya usindikizaji kwa kutumia taarifa za mgonjwa. Familia nyingi humchagua mwenye fedha au mwenye cheo katika ukoo. Napendekeza vigezo vingine.

Kama mgonjwa ni mtoto anayenyonya, mama ndiye wa kwanza. Kama mgonjwa ni bibi anayezungumza Kiiraqw au Kidatoga tu, lazima awepo mtu anayeweza kumtafsiria hadi Kiingereza, mwenye ujasiri wa kumwambia daktari, "Sijaelewa, rudia." Mgonjwa asiyeweza kueleza maumivu yake hutibiwa kwa kubahatisha. Msindikizaji awe na afya njema, maana atalala kwenye kiti, na awe mtu wa kuandika mambo kwenye daftari.

Kwa upandikizaji wa figo mambo ni mazito zaidi. Sheria ya India ya upandikizaji wa viungo ya mwaka 1994 inamtaka mgeni aende na mchangiaji wake, na undugu wao uthibitishwe, ikiwemo barua ya ubalozi wa nchi yao. Kwa Mtanzania ni ubalozi wetu uliopo New Delhi. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kukwama huko kwa sababu tu cheti cha mmoja kinasema Hhayuma na cha mwingine Hayuma. Unaona sasa kwa nini nilianza na jina.

Chanjo, na ruhusa ya kupanda ndege

Ndege nyingi za kutoka KIA kuelekea India hupitia Addis Ababa, Nairobi au Doha. Ethiopia na Kenya zimo kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, na India ni kali kuhusu ugonjwa huo. Beba kadi ya chanjo ya manjano. Kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote, hivyo ukichanjwa siku moja kabla ya safari umechelewa. Mganga Mkuu wa Wilaya atakueleza kituo kilicho karibu.

Lakini sikiliza kwa makini. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichopunguzwa nguvu. Haifai kwa kila mgonjwa. Mtoto anayepata dawa za saratani, mtu anayetumia dawa zinazoshusha kinga ya mwili, mwenye Virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake imeshuka sana, mwenye mzio mkali wa mayai, na mtoto wa chini ya miezi tisa, wote wanahitaji uamuzi wa daktari kwanza. Kama haifai, daktari huandika kwenye kadi hiyo ya kimataifa kwamba mhusika amesamehewa kwa sababu za kiafya. Usikubali mgonjwa wako achomwe kwa sababu tu mtu amekuambia "bila kadi hampiti."

Jambo la pili ni ndege yenyewe. Hewa ndani ya ndege ina oksijeni pungufu kuliko ya chini, kama vile mtu aliyepanda mlima. Mgonjwa wa moyo au mapafu, mwenye damu pungufu sana, aliyepasuliwa siku chache zilizopita, au mwenye selimundu, anaweza kuzidiwa angani. Muombe daktari barua inayosema anaweza kusafiri, na uliambie shirika la ndege mapema. Wana fomu yao ya afya inayojazwa na daktari, na ndiyo inayoruhusu oksijeni, kiti cha magurudumu au machela. Ukifika nayo uwanjani siku ya safari, wanaweza kukukatalia.

Dawa zikae kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari. Kama mgonjwa anatumia mofini kwa maumivu, barua hiyo ni ya lazima.

Kama unaelekea Ulaya

Haydom ina uhusiano wa miaka mingi na Norway, na wapo wenye ndugu au marafiki huko wanaojitolea kuwapokea wagonjwa. Viza ya nchi za Schengen ina masharti yake. Huombwa kati ya miezi sita na siku 15 kabla ya safari, na uamuzi kwa kawaida huchukua hadi siku 15. Tangu Juni 11, 2024 ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi kabla ya kufikisha 12, walio chini ya sita hawalipi. Bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 ni lazima, lakini hiyo ni ya dharura, hailipii ugonjwa uliokupeleka. Mwombaji wa miaka 12 na kuendelea hutoa alama za vidole ana kwa ana.

Kwa hiyo mgonjwa atalazimika kusafiri kutoa alama hizo. Kwa anayekwenda Dar es Salaam, siku hizi kuna njia yenye afueni: basi kutoka Babati kupitia Kondoa hadi Dodoma, mnalala, kisha treni ya SGR. Siyo lazima mgonjwa akae kwenye basi siku nzima.

Ubalozini huulizwa maswali matatu kwa sura tofauti. Unakwenda kufanya nini? Nani analipa? Kwa nini utarudi? Jibu kwa kifupi na kwa ukweli. Shamba la vitunguu, mifugo, ajira ya ualimu na watoto waliobaki nyumbani vyote ni sababu za kurudi, ilimradi uwe na karatasi: barua ya serikali ya kijiji, ya mwajiri, taarifa ya benki. Usiazime fedha za ndugu ukaziweka benki wiki moja kabla ili salio lionekane nono. Wanaangalia miezi ya nyuma, na fedha iliyoingia ghafla bila maelezo huleta shaka. Kama fedha ni ya michango, sema ni ya michango na uonyeshe orodha.

Jihadhari na vishoka

Penye ugonjwa na haraka, vishoka hawakosi. Watakuambia wana mtu ubalozini, kwamba viza ni ya uhakika, kwamba barua ya hospitali wanaitengeneza wao. Hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia viza. Karatasi ya kughushi ikigundulika, unakataliwa, na jina lako linabaki kwenye kumbukumbu zao, ukimfungia mlango mgonjwa ambaye pengine angeruhusiwa kwa haki.

Kwenye mtandao pia kuna tovuti zinazofanana na za serikali zinazotoza mara mbili au tatu. Tovuti ya kweli ya Serikali ya India anwani yake huishia na gov.in. Kama hujui kutumia kompyuta, mtafute mwalimu au kijana mnayeaminiana, ukae naye anapojaza. Usimwachie pasipoti.

Mpangilio wa fedha

Nimeacha fedha mwisho makusudi. Usipeleke ng'ombe mnadani kabla ya kuwa na barua ya hospitali na makadirio yake. Usinunue tiketi isiyorudishwa kabla ya viza. Mpangilio uwe huu: maoni ya bingwa, vyeti, pasipoti, barua ya hospitali, viza, tiketi.

Kwenye hesabu yenu wekeni chumba na chakula cha wasindikizaji, siku za ziada, na safari ya kurudi kwa uchunguzi. Kisha ulizeni swali ambalo wengi hulisahau: Tukirudi, nani ataendelea naye? Aliyebadilishiwa vali ya moyo kwa ya chuma atakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara. Aliyepandikizwa figo atakunywa dawa za kuzuia mwili kuikataa kila siku. Kabla ya kuondoka, fahamuni kipimo hicho kinafanyika hospitali gani karibu na kwenu na dawa hizo zinapatikana wapi. Upasuaji uliofanikiwa Chennai unaweza kuharibika Katesh kwa kukosa kipimo kimoja cha damu.

Lipo pia jambo zito ambalo familia huogopa kulitamka. Wapo wagonjwa wanaofia ugenini, na kuurudisha mwili ni gharama kubwa. Muulize daktari kwa uwazi: kwa hatua aliyofikia mgonjwa wetu, safari hii inaongeza nini? Wakati mwingine jibu la kweli ni kwamba haiongezi kitu, na kwamba dawa nzuri za maumivu, akiwa nyumbani na watu wake, ndiyo tiba iliyobaki. Kuchagua hivyo siyo kumtelekeza mgonjwa.

Kwa wengine, safari itaongeza miaka ya maisha. Hao ndio wasipotezwe na herufi moja. Jioni ya leo, kabla ya kulala, toa vyeti vya watoto wako kwenye sanduku uvisome. Ukikuta kosa, kesho nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya wakati kila mtu nyumbani bado ni mzima.